Jiwe la Nyoka Halivuti Sumu

Katika nyumba nyingi za waamini limo jiwe jeusi la nyoka, ambalo mara nyingi ni kipande cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Hata wamisionari walilieneza. Mimi naomba tuliache.

Sumu ya nyoka ni mchanganyiko wa protini. Zile za kifutu hula nyama na kuta za mishipa ya damu. Mguu huvimba na damu hukataa kuganda. Za koboko ni ndogo, husambaa upesi na kulegeza misuli hadi pumzi ikatike. Meno huziingiza ndani ya mwili, ilhali jiwe hukaa juu ya ngozi na kunyonya damu kidogo tu.

Wako wanaosema, "Mbona fulani alipona?" Ni kweli, lakini nyoka wengi hawana sumu, na hata mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa.

Dawa ni seramu, itokanayo na damu ya farasi aliyezoeshwa sumu. Aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete na bangili, kiungo kisitikiswe, abebwe hospitali mara moja. Msimchanje wala msimfunge kamba. Kwa sumu ya kifutu, kamba huzidi kuozesha mguu.

Kutoka vijiji vya Uluguru hadi Morogoro mjini ni safari. Basi kila jumuiya ndogondogo itenge fedha za usafiri mapema. Huo ndio upendo wa jirani unaookoa, kuliko jiwe kabatini.