ANAUZIWA NYIMBO ZAKE MWENYEWE!
Kijana wa Mazwi unayekesha na kompyuta ukitengeneza biti, hebu jiulize: unaweza kulima mahindi yako, kisha udaiwe pesa ili uyaingize ghalani mwako? Harmonize alipoihama WCB mwaka 2019, alisema mwenyewe kuwa alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 ili aondoke na nyimbo zake. Zake! Wapambe watadai tajiri aligharimia studio na video. Sawa, arudishiwe gharama zake, si wimbo milele. Hata Marekani, nchi ya mabepari, mtunzi aliyeuza hakimiliki anaweza kuidai baada ya miaka 35. Kwetu sheria ya mwaka 1999 inamlinda msanii mpaka miaka 50 baada ya kufa, lakini saini moja ya njaa inafuta yote. Waheshimiwa wa Rukwa, mnaochezeshewa muziki huo huo kwenye kampeni, kifungu cha kurudisha nyimbo kwa wenyewe mtakipeleka lini bungeni?