Pailoti si Aya ya Kujazia Ripoti

Jamani, tuambiane ukweli. Ni wangapi kati yetu tumeandika kwenye sura ya tatu kwamba "dodoso lilifanyiwa jaribio la awali kwa watu kumi", wakati watu hao kumi hawapo duniani? Hosteli nimelisikia hilo zaidi ya mara moja, tena kwa kicheko. Mimi nasoma ualimu, lakini likizo iliyopita nilimsindikiza rafiki yangu anayesoma uuguzi kufanya pailoti nyumbani kwetu Malangali, Sumbawanga. Tangu siku hiyo sicheki tena.

Utafiti wake ulihusu mahudhurio ya wajawazito kliniki. Dodoso lilikuwa limepita kwa msimamizi na Kiswahili chake kimenyooka. Tukalijaribu kwa akina mama kumi wa mtaani, ambao hawangekuwemo kwenye utafiti wenyewe. Hatukufika mbali.

"Unaishi umbali wa kilomita ngapi kutoka kituo cha afya?" Kimya. Mama mmoja akasema, "Mwanangu, mimi natembea tu, sijawahi kupima." Swali likabadilika: unatembea muda gani mpaka kufika? Lingine liliuliza, "Ulihudhuria kliniki mara ngapi?" Mmoja akajibu kumi na tano. Tulipomdadisi, kumbe amehesabu na siku za kumpeleka mtoto kupimwa uzito na kuchanjwa. Kwake zote ni kliniki, na hajakosea. Swali ndilo lililokosea.

Kubwa zaidi lilikuwa swali la kuridhika na huduma za manesi. Watano wa kwanza wote walisema wanaridhika sana. Sasa, rafiki yangu alikuwa amevaa sare yake nyeupe! Nani atamwambia nesi usoni kwamba manesi wana maneno makali? Kesho yake alikuja na kitenge, akakaa na waliobaki wakipukuchua mahindi, na majibu yakawa mengine kabisa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Pailoti haitafuti jibu la utafiti. Watu kumi hawawezi kukuambia wajawazito wa Rukwa wanafanyaje, na kuzitangaza asilimia zao kama matokeo ni kupotosha. Pailoti inakupima wewe mtafiti. Maswali yako yanaeleweka? Dodoso linachukua dakika ngapi? Watu wanakubali kuhojiwa? Utawakuta nyumbani? Hilo la mwisho kwetu Ufipa si dogo. Mvua zikishaanza, mama uliyemkuta barazani mwezi Julai anashinda shambani.

Kwenye uuguzi kosa la namna hii haliishii kwenye karatasi. Chukueni Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliangalia mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Wahudumu walifanya vizuri zaidi kwenye mwanasesere, lakini kwenye chumba cha kuzalishia utendaji wao haukubadilika. Wangepima kwenye mwanasesere tu, wangeshangilia. Baadaye yalipoletwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua. Ile haikuwa pailoti ya dodoso, lakini somo ni lilelile: kinachopendeza mezani kijaribiwe kwanza pale kitakapotumika.

Sisi wa ualimu tunalijua hili. Kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha, tunafundisha kwanza mbele ya wenzetu, tunakosolewa, tunaona haya, tunarekebisha. Hakuna anayeona aibu hiyo ni kupoteza muda.

Najua utetezi wetu. Muda hautoshi, bumu limechelewa, nauli ya Sumbawanga si mchezo. Ni kweli. Lakini ukishaprinti madodoso 150 yenye swali bovu, hela imekwenda na majibu hayafai. Watu kumi wangekuokoa. Nao wanastahili heshima ileile: uwe na kibali, uwaombe ridhaa, na majibu yao usiyachanganye na ya utafiti mkuu.

Wasimamizi nao wana sehemu yao. Wengi huuliza, "Ulifanya pailoti?" Ukijibu ndiyo, yameisha. Waulize, "Ilibadilisha nini?" Napendekeza kila ripoti iwe na jedwali dogo: swali la zamani, kilichotokea, swali jipya. Kulitunga jedwali hilo ukiwa umelala hosteli ni kazi ngumu kuliko kwenda kuliishi.

Rafiki yangu alirudi chuoni na maswali tisa yaliyobadilishwa. Alikuwa na hasira, maana ilibidi aandike upya. Mwenzake aliyejaza aya yake kitandani alimaliza mapema. Siku moja wote wawili watakuwa wodini, na mgonjwa hatajua yupi kati yao alijifunza kuuliza.