Huwezi Kubinafsisha Sufuria ya Shangazi

Kuna swali ambalo limekuwa likirudi katika mazungumzo yetu wanafunzi wa kitivo cha lugha: je, chakula cha wagonjwa hospitalini kikabidhiwe kampuni za watu binafsi? Wenzangu wengine wanajibu ndiyo kwa haraka, kwa sababu serikali imeshindwa. Wengine wanajibu hapana kwa haraka hiyohiyo, kwa sababu mfanyabiashara hana huruma. Mimi ni mzaliwa wa Swima, kando ya Ziwa Tanganyika, katika teritwari ya Fizi. Nikitazama hospitali za kwetu, kuanzia pwani hii hadi Baraka na Fizi, naona kwamba pande zote mbili zinagombania kitu ambacho hakipo.

Tuanze na neno lenyewe, maana neno ndiyo kazi yetu. Kubinafsisha ni kutoa kitu mikononi mwa umma na kukitia mikononi mwa mtu au kampuni. Tanzania ilipobinafsisha mashirika yake katika miaka ya 1990, viwanda vilikuwepo, na mashine, na wafanyakazi, na vitabu vya hesabu. Watu waliweza kubishana kama bei ilikuwa ya haki, kwa kuwa kulikuwa na mali ya kuuzwa. Sasa nionyesheni jiko la umma katika hospitali zetu nyingi. Yuko wapi mpishi anayelipwa na serikali? Liko wapi fungu la maharage katika bajeti? Hakuna. Mgonjwa wa kwetu hulishwa na shangazi yake, dada yake, mke wake au binti yake. Chakula cha hospitali kwetu ni cha binafsi tayari, tena binafsi kuliko kampuni yoyote, maana kinatoka mfukoni na shambani mwa familia moja.

Mtu huyu anayempikia mgonjwa ana jina. Tunamwita gardimaladi, neno tulilolitoa katika Kifaransa na kulifanya letu. Katika orodha ya wafanyakazi wa hospitali hayumo, lakini siku moja tu asipokuja, wodi nzima inajua. Yeye ndiye anayechota maji, kufua shuka, kumgeuza mgonjwa, kukimbia kutafuta dawa, kulala chini ya kitanda, na katikati ya hayo yote kuwasha mbabula na kusonga bugali.

Kazi hiyo nimeifanya kwa wiki mbili, mama yangu mdogo alipopasuliwa katika hospitali moja ya upande wetu. Niliyoyaona kule nyuma ya wodi ndiyo yanayonifanya niandike. Moshi wa makala ulikuwa unaingia madirishani kwa wagonjwa. Bomba lilikuwa moja, na foleni ya madumu ilianza kabla ya jua. Daktari alimwambia mama apate chakula laini chenye nguvu; mimi nilikuwa na unga wa muhogo, sombe na ndagala, na hakuna aliyenieleza chakula laini ni kipi kati ya hivyo. Kitanda cha jirani kilikuwa na mama aliyeshuka kutoka milimani na kitoto chake, bila ndugu yeyote. Alikula kwa sababu wanawake wa wodi ile walikuwa wanamkatia kila mmoja kipande cha bugali. Siku ambayo wagonjwa wawili waliruhusiwa kwenda nyumbani, sehemu yake ilipungua, kwa kuwa walioondoka ndio waliokuwa wanamgawia.

Kwa hiyo siwezi kuwacheka wanaotaka kampuni ije. Hoja zao zina uzito. Wanasema mwanamke akikaa hospitalini wiki tatu, shamba lake linaota majani, na watoto aliowaacha nyumbani wanalala njaa. Wanasema mganga mkuu tayari anahangaika na dawa, mafuta ya jenereta na mishahara, na hana nafasi ya kuhesabu vikombe vya mchele. Wanasema kampuni inaweza kusaini mkataba, ikafuata masaa, ikawajibika kama chakula kimeharibika, mambo ambayo shangazi hawezi kudaiwa. Yote hayo ni kweli.

Lakini tuangalie mahali ambapo dawa hiyo ilijaribiwa. Uingereza ina huduma ya afya ya taifa inayolipiwa kwa kodi. Mwaka 1983 serikali yake iliagiza mamlaka za afya zitangaze zabuni za usafi, ufuaji na upishi, ili kampuni zishindane na wafanyakazi wa hospitali wenyewe. Mshindi mara nyingi alikuwa yule mwenye bei ya chini, na bei ya chini ilipatikana kwa kupunguza watu, masaa na malipo. Hata pale ambapo wafanyakazi wa hospitali walishinda zabuni, walishinda kwa kukubali kupunguzwa. Miaka mingi baadaye, mwaka 2019, wagonjwa kadhaa walifariki baada ya kula mikate iliyojazwa nyama na kufungwa kiwandani, ikiwa na bakteria ya listeria. Serikali ikaagiza chakula cha hospitali kichunguzwe upya, na ripoti ikatoka mwaka 2020. Sidai kwamba kila kampuni inatia sumu. Ninachosema ni kwamba hata katika nchi yenye wakaguzi, maabara na mahakama zinazofanya kazi, kusaini mkataba hakukutosha kumlinda aliyelala kitandani.

Hata hivyo tofauti kubwa kati yetu na Uingereza iko kwa mlipaji. Kule, kampuni ikipika, serikali inalipa, na mgonjwa hapewi karatasi ya kudaiwa. Hapa, nani atalipa? Tukijibu hilo kwa ukweli, mjadala mzima unabadilika. Katika Kongo yetu, gharama za hospitali kwa sehemu kubwa zinatoka kwa mgonjwa mwenyewe. Kampuni ikiingia bila serikali kutoa fedha, chakula kitaandikwa katika faktira, chini ya kitanda, sindano na upasuaji.

Na sote tunajua faktira inafanya nini. Tunawajua wamama waliojifungua salama wakabaki wiki nyingi hospitalini, si kwa ugonjwa bali kwa deni, huku familia ikiuza mbuzi. Jambo hili haliko Kongo peke yake. Kule Kenya, mwaka 2015, Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuia wanawake katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu ya deni ni kuvunja haki zao. Sasa fikiri: mama anayezuiliwa kwa deni anaendelea kula. Kama kila sahani inaandikwa, basi kila siku ya kuzuiliwa inaongeza deni lile linalomzuia. Sufuria ya shangazi, pamoja na moshi wake, haijawahi kumfunga mtu.

Rafiki yangu mmoja alinijibu: basi kampuni iwahudumie wenye uwezo, na wengine waendelee na mbabula zao. Jibu hilo ni la busara mpaka utakapojiweka mahali pa mwenye kampuni. Ameleta sufuria kubwa, amekodi wapishi, ananunua chakula kila siku. Je, atapata faida kwa wagonjwa 10 wenye uwezo katika wodi ya vitanda vingi? Hatapata. Baada ya miezi michache atakwenda kwa mganga mkuu na kusema mambo mawili, na yote mawili yatasikika vizuri: mbabula zinachafua hospitali, na chakula cha nje ni hatari. Ataomba mbabula zipigwe marufuku. Zikipigwa marufuku, asiye na fedha hatakuwa na kampuni wala shangazi. Sihitaji kumdhania mfanyabiashara huyo ubaya. Hesabu yake mwenyewe ndiyo itakayompeleka huko.

Je, tuache mambo yalivyo? Hapana, na hapa naachana na wale wa upande wa pili, wanaosifu mshikamano wa familia kana kwamba ni sera ya afya. Kuna wagonjwa ambao sufuria ya nyumbani haiwafai. Pwani yetu ya Tanganyika inajua kipindupindu. Kinarudi mwaka baada ya mwaka. Mtu anayefua nguo za mgonjwa wa kipindupindu kisha akasonga bugali wa familia kwa mikono ileile anaweza kurudi nyumbani na ugonjwa. Mtoto mwenye utapiamlo mkali huanzishiwa maziwa maalumu yanayoitwa F-75, kwa kipimo na kwa masaa, kisha F-100 au siagi ya karanga ya tiba. Ukimlisha kwa pupa chakula kizito siku ya kwanza unaweza kumuua. Mwenye shinikizo la damu anahitaji chumvi kidogo. Na wako waliokimbia vita, ambao shangazi zao wako kambini, au waliuawa. Kwa hao wote, kusema "familia itapika" ni kusema hakuna atakayepika.

Tusiseme pia kwamba wafadhili watatosha. Madaktari Wasio na Mipaka walifanya kazi Baraka tangu mwaka 2003, na watu wengi wa Fizi wako hai kwa sababu yao. Mwishoni mwa mwaka 2020, baada ya wafanyakazi wao kushambuliwa, walitangaza kwamba wanalazimika kupunguza kazi zao na kuondoka sehemu kadhaa za teritwari yetu. Siwalaumu. Lakini kinachosimama juu ya mgeni kinaanguka siku mgeni anapofunga mzigo wake.

Basi ninapendekeza nini? Kwanza, chakula cha mgonjwa kitambuliwe kuwa sehemu ya matibabu. Si wazo geni. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika ibara ya 47, inadhamini haki ya afya na usalama wa chakula pamoja, katika sentensi moja. Aliyeandika ibara ile aliviweka viwili hivyo kwenye chungu kimoja. Sisi ndio tuliovitenganisha. Fungu la chakula lionekane katika bajeti ya hospitali kuu ya kila zoni ya afya, hata kama ni dogo, kwa sababu fungu lisiloandikwa haliwezi kudaiwa.

Pili, tuanze na wachache wasio na mbadala: kipindupindu, utapiamlo, mayatima, wakimbizi wa ndani, na waliopasuliwa katika siku zao za kwanza. Kwa hao chakula kiwe bure na kisiingie katika faktira. Wengine waendelee kupikiwa na ndugu zao, lakini si nyuma ya wodi kwenye matope. Wajengewe jiko la pamoja lenye paa, maji safi, sabuni na majiko yanayopunguza makala. Jiko hilo halihitaji kampuni kutoka Bukavu. Linahitaji mafundi wa hapahapa na kamati ya afya inayokutana.

Tatu, wa kupika wawe watu wa hapa. Sipingi mtu binafsi kulipwa kwa kazi yake. Mama anayeuza ndagala sokoni ni mtu binafsi pia. Ushirika wa wamama wa Swima au wa Baraka unaweza kusaini mkataba wa kupika, ukanunua muhogo, maharage, lengalenga na mawese kwa wakulima wa jirani, na samaki kwa wavuvi wetu. Barabara ya Uvira ikikatika wakati wa mvua, kampuni ya mbali itasema lori limekwama. Wamama hawa hawangojei lori. Ila malipo yao yatoke kwa hospitali na serikali, yasitoke kwa mgonjwa, na hesabu zisomwe hadharani mbele ya kamati.

Na sisi wanafunzi wa lugha tuna sehemu yetu. Mikataba ya nchi hii inaandikwa kwa Kifaransa, na kule Fizi anayepika, anayekula na anayenyimwa wote wanazungumza Kiswahili au Kibembe. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa kwa mujibu wa katiba ileile. Mkataba wa chakula ambao mpishi hawezi kuusoma ni karatasi ya kumnyang'anya haki yake. Tuutafsiri. Tuandike pia karatasi fupi za kubandika wodini: mgonjwa wa sukari ale nini, aliyepasuliwa aanze na nini, "chakula laini" maana yake nini kwa mtu mwenye muhogo na ndagala tu. Kazi hiyo haingoji waziri. Nimekwisha kuanza orodha ya maneno pamoja na wenzangu wawili, na muuguzi mmoja amekubali kutusahihishia. Tunahitaji wengine, hasa wanaojua Kibembe vizuri na Kifuliiru.

Mtu akiuliza tena kama chakula cha hospitali kibinafsishwe, mimi nitamuuliza kwanza: nani atalipa, na mgonjwa asiye na mtu atakula nini kesho asubuhi? Akiwa na jibu la maswali hayo mawili, nitamsikiliza kuhusu kampuni. Kama hana, basi bado hajaanza kuzungumza juu ya chakula.