Mji Usiothubutu Kujikumbuka

Mkutano wa kitaaluma ulinifikisha Bristol, Uingereza, na siku moja ikanibakia bila ratiba. Niliitumia kama mtalii mwingine yeyote: nikaenda M Shed, jumba la makumbusho ya historia ya mji huo. Jengo lenyewe lilikuwa ghala la bandarini. Mwaka 2011 likafunguliwa kwa kazi hii mpya. Winchi za kupakulia mizigo bado zimesimama nje, ukingoni mwa maji. Kiingilio ni bure.

Humo ndani nilimkuta mwanamume wa shaba amelazwa chali, mwili umetapakaa rangi ya kupuliza. Huyo ni Edward Colston, mfanyabiashara aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa Royal African Company, kampuni iliyosafirisha makumi ya maelfu ya Waafrika utumwani. Mji wake ulimsimamishia sanamu mwaka 1895, miaka 174 baada ya kifo chake, ukimwita mfadhili. Tarehe 7 Juni 2020 waandamanaji waliifunga kamba, wakaiangusha na kuitumbukiza bandarini. Leo haikusafishwa wala haikusimamishwa tena. Imelala hapo pamoja na mabango ya waliyoiangusha.

Msomaji asidhani nimekuja kuusifu wema wa Waingereza. Wananchi wa Bristol walilalamika miaka mingi bila kusikilizwa. Hata kibao cha maelezo kilichopendekezwa kuwekwa chini ya sanamu kilikwama katika ubishi wa maneno, kikabaki bila kuwekwa. Watu wanne walishtakiwa kwa kuiangusha, na Januari 2022 baraza la wazee wa mahakama likawaona hawana hatia. Makumbusho hayakuanzisha ukweli huo. Yaliusubiri ulazimishwe mitaani, kisha yakaupokea. Lakini yaliupokea. Humo humo inasimuliwa pia habari ya mwaka 1963, wakazi weusi wa mji huo walipogomea mabasi kwa sababu kampuni ilikataa kuwaajiri watu weusi kuwa madereva na makondakta, hadi ubaguzi huo ukavunjwa. Mji unakiri aibu yake mbele ya wageni, bila kuwatoza hata senti.

Nilitoka pale nikiwa na uchungu, na uchungu huo haukuwa juu ya Bristol. Ulikuwa juu ya Dar es Salaam.

Nasi tuna kisa chetu cha sanamu. Wajerumani walimsimamisha mjini Dar es Salaam Hermann von Wissmann, kamanda aliyeuzima upinzani wa Abushiri bin Salim na kumnyonga Pangani mwaka 1889. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa sanamu hiyo. Ikaishia Hamburg, mbele ya chuo kikuu, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko wakaiangusha mara ya mwisho. Ni wangapi kati ya wanafunzi wangu wanaopita kila siku kwenye Sanamu ya Askari wanaokijua kisa hiki? Wafanye nini, ikiwa hakuna mahali mjini panapowasimulia?

Najua nitajibiwa kwamba tunayo Makumbusho ya Taifa, na tunayo nyumba ya Mwalimu pale Magomeni. Kweli, na ni hazina. Lakini makumbusho ya taifa hubeba taifa zima, tangu fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na nyumba ya Mwalimu ni ya Mwalimu. Jiji lenye zaidi ya watu milioni 5 linahitaji mahali pa kujieleza lenyewe: jinsi Mzizima ilivyogeuzwa mji na Sultani Majid, jinsi wakoloni walivyoligawa kwa rangi ya ngozi, jinsi wapagazi wa Vita vya Kwanza walivyoiachia Kariakoo jina lake, jinsi makuli wa bandari walivyogoma mwaka 1947 na mgomo ukaifuata reli hadi bara, jinsi Bibi Titi Mohamed alivyowatoa wanawake kwenye ngoma na kuwaingiza TANU.

Nitajibiwa pia kwamba fedha hakuna, kwamba maji na barabara ni kwanza. Hoja hii ingenigusa kama tusingekuwa tunayabomoa kila mwaka majengo ya kale ambayo yangetufaa kwa kazi hii. Bristol ilitumia ghala. Ghala na majengo makongwe nasi tunayo, au tulikuwa nayo.

Sababu ya kweli ni nyingine. Makumbusho ya mji yaliyo ya haki hayawezi kuishia mwaka 1961. Yatalazimika kuuliza ardhi ya mji iligawanywaje baada ya uhuru, nani alipewa na nani aliondolewa. Yatalazimika kuweka ukutani picha za bomoabomoa ya Bonde la Msimbazi ya Desemba 2015, na kando yake sauti za waliovunjiwa nyumba, hata kama sheria ilikuwa upande wa tingatinga. Hicho ndicho tunachokiogopa. Kumlaani Mjerumani aliyekufa ni rahisi. Kujitazama ndiko kugumu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mji unaoficha mabishano yake hauzai raia, huzaa wapangaji.

Kwa hiyo nawaambia watumishi wa umma wanaosoma hapa: tengeni jengo moja tu kongwe kabla halijaangushwa. Wanafunzi, nendeni bandarini na Kariakoo mkarekodi wazee wangali hai. Wanaharakati, dai la kumbukumbu liandikeni pamoja na dai la makazi, kwa maana ni dai moja. Bristol haikupewa ukweli wake kama zawadi. Sisi nasi hatutapewa.