Nyinyi Mnaomcheka Msimulizi wa Filamu

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima. Kuna mteja wa mambo ya mizigo bandarini aliyetaka programu yake ibadilishwe siku tatu kabla haijaanza kutumika, na mnaofanya kazi hii mnajua maana yake. Leo siandiki habari za seva wala hifadhidata. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya filamu.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kunyoa pale Mtopanga. Kinyozi alikuwa ameweka filamu ya roboti kwenye runinga, zile za kusimuliwa kwa Kiswahili, msimulizi anapaza sauti juu ya Wamarekani wenyewe. Nilikuwa na mwenzangu wa kazini, kijana hodari, anaandika msimbo msafi kunishinda. Alitazama dakika mbili akasema, kwa sauti ya kusikika, "Kaka, huku ni kuua filamu. Mtu aione kama ilivyotengenezwa, au asiione kabisa."

Kwenye kiti cha pili alikuwapo dereva wa tuktuk, mtu mzima, anacheka mpaka povu la sabuni linamwingia mdomoni. Aliposikia hayo akaacha kucheka. Akawa anatazama kioo tu.

Mimi sikusema kitu. Najuta mpaka leo, kwa hivyo nasema hapa.

Sisi watu wa kompyuta tuna ugonjwa. Tunapenda filamu za sayansi ya kubuni kama dini, na kama dini zote tunao walinzi wa mlango. Filamu ionwe siku ya kwanza, kwa Kiingereza, bila mtu kukohoa. Anayeiona kibandani au kwenye matatu, imesimuliwa na DJ Afro, huyo hahesabiwi. Eti hajaiona. Haya, hebu tuiangalie hiyo "asili" tunayoilinda.

Mnakumbuka Return of the Jedi ya mwaka 1983? Kwenye vita vya mwisho, Lando Calrissian anaendesha chombo cha Millennium Falcon, na pembeni yake ameketi rubani mwenye mashavu ya kuning'inia, Nien Nunb. Dunia nzima ilisikia lugha ya sayari ya mbali. Sauti ile ni ya Mkenya, Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi Marekani, na maneno mengi ni Kikuyu cha kawaida. Mtu wa Nyeri haitaji maandishi ya chini. Star Trek nayo ilipoanza kuonyeshwa Marekani, Septemba 1966, jina la Uhura lilitokana na neno uhuru, na katika kipindi kile kile cha kwanza kuna kiumbe kinachonyonya chumvi miilini mwa watu, kinajigeuza mwanamume mzuri na kumtongoza Uhura kwa Kiswahili.

Mimi pia nilijigamba nilipoyajua haya. Niliwaambia watu ofisini kana kwamba nimeshinda bahati nasibu. Lakini fikirini kidogo. Walihitaji sauti ya mbali, ya mtu asiyeeleweka, wakachukua lugha zetu. Sauti waliibeba, maana waliiacha uwanja wa ndege. Nakubali kuna waliofanya vizuri zaidi. Wimbo wa Baba Yetu wa Christopher Tin, ulioandikwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa Civilization IV mwaka 2005, ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili kinachoeleweka, na mwaka 2011 ukawa wimbo wa kwanza wa mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Huo nausikiliza mpaka leo nikiandika msimbo usiku. Lakini ni mmoja.

Sasa msimulizi wa filamu anafanya kinyume chake. Anachukua picha zao na kuzipa maana kwa lugha ya aliyeketi mbele yake. Nani kati ya hao wawili ametuheshimu zaidi?

Nitawaambia nilikojifunza hili.

Mimi ni mtoto wa Likoni. Mwaka 1997 nilikuwa na miaka 11, na mtaani kwetu palikuwa na kibanda cha vidio: mabati, mabenchi manne, runinga moja na deki ya kanda. Ukiwa na shilingi tano unaingia. Huna, unatazama kwenye tundu la bati mpaka ufukuzwe. Aliyekiendesha alikuwa kijana wa bara, aliyekuja Mombasa kutafuta kibarua bandarini akakikosa. Hakuwa DJ, hakuwa na maikrofoni. Alikaa na rimoti mkononi, akisimamisha kanda na kutueleza. Kiswahili chake sisi tulikicheka. Ngeli zilimpita kushoto na kulia. Lakini wallahi sijasikia msimulizi kama yule.

Filamu yake kubwa ilikuwa Terminator 2, ya mwaka 1991. Tuliiona mpaka kanda ikaanza kuonyesha theluji. Yule adui wa chuma cha kuyeyuka alimwita jini la zebaki, na kila mtoto wa Pwani akaelewa papo hapo: jini hulipigi risasi likafa, lazima utafute linachokiogopa. Skynet, mtandao wa kompyuta wa jeshi la Marekani, alitueleza hivi: ni mtumwa aliyepewa funguo za nyumba nzima, siku moja akajiuliza, kwani mimi nawatumikia hawa kwa nini? Mmoja wetu akauliza kama ile kompyuta ilizaliwa na nani. Akasimamisha kanda. Akasema hakuna kompyuta inayojua kitu peke yake, kuna mtu aliketi akaiandikia amri, moja baada ya nyingine, na yule mtu hakufikiria mbele. Nilikuwa sijawahi kugusa kompyuta. Kazi yangu ya leo ilianzia kwenye benchi lile, na onyo lake nimelikumbuka kila nilipoandika amri ya kufuta data ya mtu.

Katika filamu ile, Skynet inapata akili tarehe 29 Agosti 1997 na kuangamiza watu bilioni tatu. Jina la filamu lina maneno ya Siku ya Hukumu. Yeye alisema Kiama, basi. Tarehe hiyo ilikuwa inakuja kweli, mwaka ule ule! Tukawa tunahesabu siku zilizobaki kwa mkaa ukutani, yeye akiwa mwamuzi.

Usiku wa tarehe 13 Agosti zilikuwa zimebaki siku 16.

Wasomaji wa Mombasa hamhitaji kuelezwa. Wengine: usiku ule kundi la wavamizi lilishambulia kituo cha polisi cha Likoni, likaua askari na kuchukua bunduki, kisha likaanza kuwasaka watu wa bara. Zilisambazwa karatasi za kuwaambia waondoke Pwani. Uchaguzi mkuu ulikuwa unakaribia, na hesabu za wanasiasa zilikuwa kubwa kuliko hesabu zetu za ukutani. Katika majuma yaliyofuata zaidi ya watu 100 waliuawa, na waliohama makwao ni maelfu kwa maelfu.

Kibanda kilichomwa. Tuliambiwa mwenye rimoti alivuka feri na wengine alfajiri, na begi moja. Hatukumwona tena. Mama alitupeleka kwa shangazi Chaani, Changamwe, na huko ndiko tarehe 29 ilikonikuta. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari fundi wa programu, nilikaa nikapiga hesabu ya saa. Filamu inasema saa 8:14 usiku kwa saa za mashariki ya Marekani. Kwetu ni saa 3:14 asubuhi, siku ya Ijumaa. Wakati ule nilikuwa uani kwa shangazi nachota maji, na nilichokuwa nikikiwaza ni nani atatusimulia filamu sasa.

Kwa hivyo mtu akiniambia msimulizi anaua filamu, mimi nakumbuka mtu ambaye Kiswahili chake tulikicheka, na bado kilituweka benchi moja, watoto wa Kidigo, wa Kikamba, wa Kijaluo, tukiogopa jini moja. Waliokuja na zile karatasi walikuwa na wazo lao la nani ni wa hapa kweli na nani si wa hapa. Nyinyi walinzi wa mlango hamfanani nao, najua, msinipigie kelele. Lakini tabia ya kumtazama mtu na kumwambia wewe huhesabiwi, hii si yako, mimi inanichefua hata ikiwa ni kwa filamu tu.

Sasa nijibu hoja zenu, maana nazijua.

Ya kwanza: "Anapotosha. Anaongeza maneno ambayo hayamo." Ni kweli anaongeza. Wajapani enzi za filamu bubu walikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, wanasimama kando ya pazia na kuieleza filamu, na baadhi yao walipendwa kama waigizaji wenyewe. Kaka yake Akira Kurosawa alikuwa mmoja wao. Na nyinyi nyinyi mnaabudu Mystery Science Theater 3000, kile kipindi cha Marekani kilichoanza mwaka 1988, mtu na roboti zake wanaongea juu ya filamu mbaya mwanzo hadi mwisho. Mnakiita sanaa. Lufufu alipofanya kazi ya namna hiyo Dar es Salaam, na VJ Emmie Kampala, mnaita kelele. Tofauti ni nini, kama si pasipoti?

Ya pili: "Kiswahili hakina maneno ya sayansi." Nilimwekea mama yangu Dune, ile ya mwaka 2021, huko nyumbani Kisauni. Kufika wanapomwita yule kijana Mahdi na Lisan al-Gaib, mama akaniuliza, "Kwani hawa ni Waislamu?" Lisani, ghaibu: maneno hayo anayo tangu madrasa. Frank Herbert aliyachota kwenye Kiarabu kwa ajili ya riwaya yake ya mwaka 1965 ili msomaji wa Marekani aone ugeni. Mama aliona ujirani. Aliifuata filamu nzima, nami nikimtafsiria, na mwisho akasema yule kijana atawaponza wale watu wa jangwani. Mashabiki huko mtandaoni wamelumbana miaka kufikia hapo.

Ya tatu ndiyo nzito, nami sitaikwepa: ni wizi. Filamu ina mwenyewe, Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na mimi naishi kwa leseni. Mtu akinakili programu yangu bila kulipa naumia mfukoni. Sitasema kwamba msimulizi ana haki ya kuuza picha za mwingine. Lakini sauti ni yake. Nchini Marekani kuna RiffTrax, tangu mwaka 2006: wanauza sauti yao peke yake, wewe unaicheza pamoja na nakala uliyoinunua kihalali. Kwa lugha yetu ya kazi, hicho ni kiraka juu ya programu ya mwingine. Kuoanisha faili mbili kwa sekunde si kazi ya kumshinda mtu yeyote anayesoma ukurasa huu. Badala ya kumcheka msimulizi, mmoja wetu angemwandikia hiyo programu. Tumeandika programu ngapi za kuagiza chipsi?

Na tusisahau nyumbani. Filamu ya sayansi ya kubuni ya Kenya inayojulikana zaidi duniani ni Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, iliyoonyeshwa tamasha la Sundance mwaka 2010. Inachukua kama dakika 20. Vita vya maji vimekwisha, watu wamejifungia ndani, wanasafisha jasho na mkojo wao wapate kunywa, na mwanamke mmoja anaamua kutoka nje kwenda kupanda mbegu. Naipenda sana. Ina jina la Kiswahili, na maneno yake machache ni ya Kiingereza. Nionyesheni mtu wa Likoni, Kisauni au Changamwe, anayengojea mkokoteni wa mitungi ya maji kila asubuhi, ambaye hataielewa filamu hiyo akisimuliwa vizuri. Angeielewa kuliko waliopiga makofi kule Sundance.

Basi ombi langu ni hili. Wewe unayejiita shabiki, chagua filamu moja unayoipenda kuliko zote, mkalishe mzazi wako au jirani ambaye Kiingereza kinampita, umsimulie mwanzo hadi mwisho. Utagundua mambo mawili: kwamba kazi ile ni ngumu mno, na kwamba kuna sehemu za filamu yako ambazo hata wewe hukuwa unazielewa.

Jumamosi nilirudi kwa yule kinyozi bila nywele za kunyoa. Dereva wa tuktuk hakuwapo. Nimemwachia kinyozi diski ya Terminator 2, halali, nimeinunua kwa pesa zangu. Haina msimulizi. Nimemwambia siku yule dereva akija anipigie simu, nitakuja na rimoti.

Maoni ruksa, matusi hapana. Mungu akipenda, wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.