Kabla ya kulaani ndago, chimba utazame kiazi chake

Mvua za vuli zikishakolea Kahama na Kishapu, palizi ya mahindi na pamba katika kaya nyingi huwa ya mama na watoto. Baba na kijana mkubwa wako machimboni, Nyarugusu au Rwamagasa mkoani Geita. Anayebaki na jembe ndiye anayepambana na ndago. Shamba lililopaliliwa Jumatatu linakuwa kijani tena kabla wiki haijaisha, na hela iliyotumwa kwa ajili ya sare za shule inaishia kwa vibarua. Baba akipiga simu huuliza mbona hela ya palizi haionekani shambani. Hapo nyumba inaweza kuwaka moto bure, kwa sababu mama amepalilia kweli.

Ndago si nyasi, ingawa hufanana nazo. Ukiviringisha shina lake kati ya vidole utasikia pembe tatu. Nguvu yake iko chini, kwenye viazi vidogo ambavyo jembe huviacha likishakata majani. Viuagugu vinavyounguza majani tu navyo havivifikii. Mwaka 1977 mtaalamu LeRoy Holm na wenzake walipoorodhesha magugu mabaya kuliko yote duniani, ndago ndiyo waliyoiweka ya kwanza.

Lakini waliyoitaja ni ndago chungu, na zipo mbili. Chimba taratibu. Ukikuta viazi vimefuatana kama shanga kwenye uzi, vyeusi, vyenye harufu kali na uchungu mdomoni, hiyo ndiyo yenyewe, na maua yake ni ya hudhurungi iliyoiva. Ukikuta kila kiazi kimekaa peke yake kwenye ncha ya mzizi, na maua yana rangi ya manjano, hiyo ni ndago tamu.

Ile chungu, kukatakata uzi wake ni kuichochea: kila kiazi kilichokuwa kimelala huamka na kuwa mmea wake. Dawa yake ni jua na kivuli. Lima kiangazi, viazi viletwe juu, vikauke juani kwa siku kadhaa. Mvua ikianza, panda kunde au maboga kati ya mistari ya mahindi yafunike ardhi mapema, maana ndago hudhoofika kivulini. Viazi vitamu navyo hufunika vizuri, ila ndago iliyotangulia shambani hutoboa viazi vyenyewe, na michembe ya mwaka huo hutoka na matundu.

Ile tamu ina heshima yake kwingine. Mabaki yake yamekutwa katika makaburi ya Misri ya kale. Valencia, Hispania, huilima na kutengeneza kinywaji kinachopendwa huko. Kaskazini mwa Nigeria huichanganya na tende na nazi. Jikoni ni kazi rahisi kwa anayejua kukamua tui: loweka usiku kucha, twanga au saga, tia maji, kamua kwa kitambaa safi, ongeza tangawizi. Yanyweke siku hiyo hiyo, maana huchacha haraka.

Inapenda kichanga, ule udongo ambao Wasukuma huuita luseni. Kwenye mbuga nyeusi kuvuna ni mateso. Kiazi hufukiwa kina cha vidole viwili, na baada ya miezi mitatu hadi minne majani yakigeuka manjano huvunwa kwa kuchekecha udongo, kisha huoshwa na kuanikwa hadi vikunjamane. Hapo ndipo utamu huzidi. Isipandwe katikati ya mahindi hata kidogo, kwani nayo ni gugu ikiachiwa. Kiroba kilichojazwa mchanga au ndoo iliyopasuka inatosha kwa kuanzia.

Jambo moja halina mjadala kwa kaya zilizo karibu na machimbo. Watoto wanaochunga huzijua ndago tamu na huzitafuna papo hapo, na udongo wake. Kwenye mialo na kando ya makarasha, marudio yanaweza kuwa na zebaki iliyotumika kukamatia dhahabu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini iliyokwisha kumwagika ardhini haikuondoka. Ndago ya hapo isiliwe, isilishwe kuku, wala isichukuliwe kuwa mbegu. Mbegu itoke shamba la mbali na mialo, na mchanga wa kiroba vivyo hivyo.