Je, kutojua ni kinga ya mfanyabiashara?

Je, mfanyabiashara aliyetenda kosa bila kujua anastahili kusamehewa? Swali hilo la kale lilipata jibu mjini London tarehe 30 Novemba 2015, katika shauri lililoigusa hazina ya Tanzania moja kwa moja.

Siku hiyo Jaji Brian Leveson aliidhinisha makubaliano baina ya Standard Bank ya London na SFO, ofisi ya Uingereza inayochunguza udanganyifu mkubwa. Yalikuwa makubaliano ya kwanza nchini humo ya kuahirisha mashtaka: kampuni hulipa fedha na kutimiza masharti, nayo mashtaka huwekwa kando.

Chanzo kilikuwa dola milioni 600 ambazo serikali ya Tanzania ilitaka kukopa kutoka kwa wawekezaji mwaka 2012 na 2013. Ada ya kuutafuta mkopo huo ilipangwa awali kuwa asilimia 1.4. Baadaye ikapanda hadi asilimia 2.4, na nyongeza hiyo, yaani dola milioni 6, ikalipwa kwa kampuni ya Tanzania iitwayo EGMA. Mwenyekiti wa kampuni hiyo, wakati huohuo, alikuwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato ya Tanzania. Kazi iliyostahili malipo hayo haikuonekana, na sehemu kubwa ya fedha ilitolewa taslimu katika muda wa siku chache mwezi Machi 2013.

Maafisa wa London hawakutuhumiwa kukusudia kuhonga. Walichokosa ni kuuliza. Waliiona EGMA kuwa shughuli ya benki dada, Stanbic Tanzania, iliyokuwa karibu na mteja, wala hawakuichunguza wao wenyewe.

Wanasheria tangu zamani wametenganisha kutojua sheria na kutojua jambo lenyewe. Udhuru wa kwanza haupokelewi; kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania, zilizorithiwa kutoka zama za ukoloni, zatamka hivyo bayana. Wa pili uliwaokoa wengi, kwani aliyenunua ng'ombe wa wizi pasipo kujua hahesabiwi kuwa mwizi.

Sheria ya Rushwa ya Uingereza ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika Julai 2011, imeuziba mwanya huo kwa makampuni. Kwa mujibu wa kifungu cha 7, kampuni ina hatia ikiwa anayeitumikia ametoa hongo ili kuipatia biashara, hata kama wakubwa hawakuwa na habari. Utetezi ni mmoja: kampuni ithibitishe yenyewe kwamba ilikuwa na taratibu za kutosha za kuzuia hongo.

Standard Bank haikuweza. Ilitakiwa kulipa dola milioni 25.2, na zaidi ya hapo ikairejeshea serikali ya Tanzania takriban dola milioni 7, riba ikiwemo.

Miaka mitano kabla ya hapo mambo yalikuwa mengine. Desemba 2010, katika mahakama ya Southwark, kampuni ya BAE Systems ilitozwa faini ya pauni laki 5 kuhusiana na rada iliyouziwa Tanzania. Wakala alikuwa amelipwa zaidi ya dola milioni 12. Jaji David Bean alionyesha wazi kuwa ni vigumu kuamini kwamba mtu huyo alikuwa mshawishi tu anayelipwa vizuri, lakini shtaka lililokuwa mbele yake lilikuwa la kutotunza vyema vitabu vya hesabu, si la rushwa. Kwa makubaliano ya kando, Tanzania ilipata pauni milioni 29.5, zilizoelekezwa kwenye elimu.

Haya si ya mabenki na wauza silaha peke yao. Mwafrika Mashariki aishiye Uingereza, anayesafirisha kontena la vipuri au magari yaliyotumika, akitoa "kitu kidogo" bandarini Mombasa au Dar es Salaam ili mzigo utoke upesi, aweza kushtakiwa London ingawa tendo limefanyika mbali. Sheria ya Marekani huvumilia malipo madogo ya kuharakisha kazi ya kawaida ya afisa wa kigeni. Ya Uingereza haina ruhusa hiyo. Kifungo chake hufikia miaka 10.

Kenya nayo, katika Sheria ya Rushwa ya mwaka 2016, imezitaka kampuni binafsi kuweka taratibu za kuzuia hongo kulingana na ukubwa wao.

Lakini mizani hailingani. Benki ina jopo la mawakili na bado haikuuliza swali lililo wazi. Mwenye kontena moja hana hata mshauri. Tena makubaliano ya kuahirisha mashtaka, yaliyoiwezesha benki kulipa na kuendelea na kazi zake, hutolewa kwa makampuni na taasisi tu. Mtu binafsi hayamhusu.